Mikumi kwa bajeti ndogo: pa kulala, pa kula, na mahali hela inapopotelea

Kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa kawaida Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, Mikumi ndiyo hifadhi ya taifa ya kuanzia. Ilitangazwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati yake kwa takriban kilomita 50. Barabara hiyo ina madhara yake kwa wanyama, maana malori yanawagonga, lakini ndiyo inayomfikisha mwananchi hifadhini kwa basi la kawaida bila kampuni ya utalii. Tena, kilomita 23 magharibi ya geti la Kikoboga upo mji wa Mikumi, mji wa madereva wa malori, wenye gesti za kila namna na mama lishe wanaopika kuanzia alfajiri.

Wageni wengi wanaokwenda Mikumi na fedha kidogo hubana pasipotakiwa. Wanapekua gesti ya elfu kumi na tano badala ya elfu ishirini na tano, wanakula chipsi kavu siku mbili, halafu wanakodi gari zima wakiwa wawili. Chumba na chakula hapa ni rahisi tayari. Gari ndilo linalokula bajeti, na saa za kuona wanyama ndizo zinazopotea. Kwa hiyo kila sehemu ya kulala na kula hapa chini imepimwa kwa swali hilo: inakusaidia kuwa porini saa 12 na nusu asubuhi, gari likiwa limejaa watu, au inakuchelewesha?

Tuanze na geti, maana hapo hesabu ni wazi. Kwa raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika Mashariki, ada ya mtu mzima Mikumi ni shilingi 5,000 na mtoto wa miaka 5 hadi 15 ni 2,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 unalipa 5,900 na 2,360. Mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi ada. Gari lenye namba za Tanzania na uzito usiozidi kilo 2,000 ni shilingi 20,000 kabla ya VAT, yaani 23,600. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili ndani ya Noah yao inaingia kwa shilingi 40,120. Noah ikiwa tupu haifiki kilo 2,000, ila Land Cruiser nyingi zinavuka, na hizo zinapanda daraja la ada. Mgeni asiye mkazi analipa dola 30 kabla ya VAT, kwa hiyo ndugu aliyekuja likizo na mwenza wa kigeni ajue hesabu ya mwenza wake ni nyingine kabisa. Mkenya au Mganda anayekuja na gari lake atalipa ada yake mwenyewe kwa shilingi, lakini gari lenye namba za nje linatozwa kwa dola na kwa kiwango cha juu zaidi. Mara nyingi inamlipa kuliacha Morogoro na kukodi la hapa.

Njoo na kitambulisho cha kila mtu mzima: cha NIDA, pasipoti, au kingine cha serikali kinachoonyesha uraia. Bila hicho karani hana namna ya kukuingiza kwenye bei ya raia. Pesa taslimu hazipokelewi getini. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au kwa kadi ya benki. Watu hukwama hapa kwa sababu salio la simu linatosha ada lakini halitoshi makato, au kwa sababu kundi la watu kumi limekusanya noti mkononi na hakuna mwenye hela kwenye simu. Weka fedha zote kwenye simu ya mtu mmoja mkiwa bado Morogoro au Mikumi mjini.

Jambo jingine la getini ambalo halielezwi vya kutosha: tiketi ni ya kuingia mara moja. Ukitoka saa 7 kwenda kula mjini, ukirudi saa 9 unalipa upya, wewe na gari. Chakula cha elfu tatu kinakuwa kimekugharimu zaidi ya elfu thelathini. Ndiyo maana chakula cha mchana kinabebwa.

Gari

Kama una gari lako, hata dogo, kiangazi unaingia nalo. Kuanzia Juni hadi Oktoba njia za karibu na Kikoboga, uwanda wa Mkata na njia ya kwenye bwawa la viboko, kilomita kama 5 kutoka getini, hupitika kwa Noah na hata kwa gari la chini likiendeshwa taratibu. Nje ya miezi hiyo usilazimishe. Udongo wa Mkata ni mfinyanzi mweusi. Ukiwa mkavu ni mgumu na una nyufa, ukilowa unang'ang'ania tairi, na dereva akizidisha mafuta anajichimbia kaburi. Masika, Machi hadi Mei, njia nyingi za uwandani hufungwa au hupitika kwa gari la magurudumu manne tu. Mvua za Novemba na Desemba nazo zinaweza kukukata. Jaza mafuta Morogoro au Mikumi mjini, kwani ndani hakuna kituo cha kutegemea, na mzunguko wa asubuhi na jioni kwa mwendo wa pole, huku injini ikinguruma kila mnaposimama, unakula mafuta kuliko kilomita zenyewe zinavyoonyesha.

Kama huna gari, usifikirie bodaboda. Inaweza kukufikisha getini, lakini pikipiki haiingii kutazama wanyama, na hizo kilomita 23 unazipita ndani ya hifadhi, malori yakikupita ubavuni na tembo wakivuka. Kodi gari Mikumi mjini. Yapo Land Cruiser ya wazi na yaliyofunikwa, na bei ni ya gari zima, si ya kichwa. Kwa hiyo watu sita wanalipa kila mmoja theluthi tu ya ambacho wangelipa wawili. Ukiwa peke yako, fika mjini siku ya Ijumaa mchana, uliza mapokezi ya gesti na hoteli mbili tatu nani anaingia kesho. Wikiendi na sikukuu watu wa kuchangia hupatikana, Jumanne si rahisi.

Mkipatana, patana kwa maneno kamili, mkiwa wote mpo: bei ina mafuta au haina, ada ya gari getini inalipwa na nani, mnatoka mjini saa ngapi na mnarudi saa ngapi, dereva anajua njia au mnahitaji kuchukua mwongozaji wa hifadhi. Ugomvi mwingi wa getini unatokana na hiyo ada ya gari. Dereva anadhani ni yenu, ninyi mnadhani imo kwenye bei. Saa ya kuondoka nayo ing'ang'anie. Dereva akisema saa 2 asubuhi, mwambie saa 11 na nusu. Geti linafunguliwa saa 12, na simba wa Mkata hawakungoji umalize supu. Kufikia saa 4 jua limekwisha kupanda, wanyama wengi wako kivulini, na unazunguka ukitazama swala pala na pundamilia kwa mbali.

Kulala mjini

Mji wa Mikumi umejipanga kando ya lami, na hilo ndilo tatizo lake la usiku. Malori yanaingia mpaka alfajiri, yanapiga honi, yanaacha injini ikiunguruma, na baa zilizo mbele zinafungulia muziki. Gesti mbili za bei ileile, moja ikitazama barabara na nyingine ikiwa mita mia mbili nyuma, ni vitu viwili tofauti. Omba chumba cha nyuma, na kabla ya kutoa hela simama ndani dakika moja, mlango umefungwa, usikilize.

Chumba cha kawaida chenye choo na bafu ndani, kile wanachokiita selfu, hupatikana kwa kati ya shilingi 20,000 na 40,000. Cha choo cha nje ni chini ya hapo. Kwa bei hiyo usitegemee mapambo. Kagua mambo manne. Fungua bomba uone kama maji yanatoka au kuna ndoo tu. Tandua chandarua chote, si kukitazama kikiwa kimefungwa fundo, maana matundu yako chini, pale kinapochomekwa kwenye godoro. Washa feni, Mikumi iko chini, kama mita 500 na kitu kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Oktoba hadi Machi chumba kisicho na feni hakilaliki. Na uliza umeme ukikatika inakuwaje. Malaria ipo, kwa hiyo chandarua kibovu ni sababu tosha ya kuhama, hata kama umeshaweka begi.

Kuna hoteli za daraja la kati kando ya barabara ambazo bei yake inapanda lakini zinafaa kwa familia. Tan-Swiss inajulikana kwa bustani, bwawa la kuogelea na jiko linaloaminika, na ina eneo la kupiga hema, jambo linaloiweka ndani ya uwezo wa mtu mwenye hema lake. Genesis ina bustani ya nyoka, na watoto huipenda. Hoteli za namna hii zina faida moja iliyo kubwa kuliko godoro: ndipo magari ya kukodi yanapoanzia na ndipo watu wa kuchangia gari wanapokutana. Uliza bei ya raia kwa shilingi kabla hujauliza kitu kingine. Ukianza kwa Kiingereza, mara nyingi utajibiwa kwa dola.

Udhaifu wa kulala mjini ni huo umbali. Kilomita 23 si nyingi, lakini ndani ya hifadhi mwendo wa juu uliowekwa kwenye lami ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, kuna matuta, na nyuma ya lori hupiti upendavyo. Hesabu dakika 40 kutoka mlango wa gesti hadi kwenye dirisha la karani. Ukiongeza dakika za malipo, saa 12 na nusu imekupita ukiwa bado getini.

Kulala ndani

Hapa ndipo penye thamani halisi ya fedha yako, na sielewi kwa nini Watanzania wengi wanapaona ni mahali pa wazungu tu. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ina nyumba za kulala wageni karibu na makao makuu ya hifadhi, kilomita chache kutoka getini: vyumba vya matofali vyenye bafu, feni na vyandarua, na nyumba ya mapumziko yenye jiko. Malipo ni ya kila kichwa kwa usiku, siyo ya chumba, na raia anatozwa kwa shilingi. Kwa watu wawili bei inalingana na hoteli ya kati ya mjini. Kwa familia ya watu sita inapanda, na hapo ndipo hema linaposhinda.

Faida yake ni ya saa. Unaingia saa 8 mchana, unazunguka Mkata hadi giza linapokaribia, unalala, saa 12 asubuhi uko njiani tena bila foleni ya geti, na saa 8 ya siku ya pili unatoka. Umepata jioni nzima na asubuhi nzima kwa kuingia mara moja. Aliyelala mjini ili apate jioni na asubuhi kama hizo analipa ada mara mbili, na analipa mafuta ya kilomita 92 za kwenda na kurudi.

Nafasi ni chache. Wikiendi ndefu, Pasaka, Nanenane na mwisho wa mwaka hujaa, kwa hiyo piga simu ofisi ya utalii ya hifadhi wiki kadhaa kabla, lipia kwa namba ya malipo, na beba risiti kwenye simu na kwenye karatasi, kwa sababu mtandao huko ndani unakuja na kuondoka. Ukipewa nyumba yenye jiko, uliza kuhusu gesi. Mgeni hutakiwa kuja na yake, na hilo watu hugundua saa 2 usiku wakiwa na mchele mbichi.

Kambi ya umma iliyo karibu na geti ni shilingi 5,000 kwa raia mtu mzima, 5,900 na VAT. Kuna vyoo, lakini hema, godoro na maji ya uhakika ni juu yako. Hakuna uzio. Tembo, nyati na fisi hupita kambini usiku, na hilo si la kuogopesha mtu mwenye nidhamu: hema linafungwa zipu hadi chini, viatu vinaingia ndani, ukitoka kwenda chooni usiku unamulika tochi pande zote kwanza na hutoki peke yako. Chagua mahali kabla jua halijazama. Tazama chini: kinyesi cha tembo cha siku hizi mbili na matawi yaliyovunjwa maana yake umesimama kwenye njia yao. Usiweke hema chini ya mng'ongo wenye matunda. Na kamwe, kamwe usilale na chakula ndani ya hema. Ndizi, maembe na machungwa ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa tembo anayasikia harufu kupitia turubai, na nyani wa mchana anajua kabisa zipu inavyofunguliwa. Chakula chote, hata chumvi na sabuni ya vyombo, kinalala kwenye gari, vioo juu.

Kambi za kifahari zilizomo ndani ni nzuri, lakini bei zake ni za dola na chakula ndani yake. Si mada ya makala hii, ila kama unakwenda nje ya msimu, Aprili na Mei, uliza punguzo la wakazi. Wakati mwingine linapatikana, ingawa mvua inaweza kukuzuia kuzunguka.

Kula

Mikumi mjini hakuna sababu ya mtu kulala njaa. Madereva wa masafa marefu ndio wateja wakuu, na dereva haendi mara ya pili palipomuumiza tumbo. Sahani ya wali maharage ni kati ya 2,000 na 3,000, wali au ugali kwa nyama 3,000 hadi 4,000, kuku wa kienyeji 5,000 na zaidi, chipsi mayai 3,000 hadi 4,000. Supu ya ng'ombe na chapati mbili alfajiri ni kama 3,500. Mchele wa hapa ni wa bonde la Kilombero, kusini tu ya mji, na unaonja tofauti: punje inanukia hata bila nazi. Ukikuta mahali wanapika mchele usionukia, wanakupikia wa gunia la zamani, nenda kwa jirani.

Kanuni ya kuchagua ni muda. Kati ya saa 6 na saa 8 mchana masufuria bado yako jikoni na chakula ni kipya. Saa 3 usiku wali ule ule umekaa kwenye hotipoti tangu mchana, na ndipo matumbo yanapoharibikia. Usiku kula kinachopikwa mbele yako: mishikaki, chipsi, mayai, ugali unaosongwa ukiwa umekaa. Samaki waliopangwa kwenye kabati la kioo uwatazame mkiani. Aliyekaangwa mara moja mkia wake ni wa kahawia na unavunjika. Aliyerudishwa kwenye mafuta mara ya pili na ya tatu mkia umekuwa mweusi, umejikunja, na nyama ya mgongoni imejitenga na mfupa. Huyo muache. Kachumbari iliyokwisha kukatwa na kukaa wazi nayo iache, hasa siku moja kabla ya kuingia porini, ambako choo kiko mbali na kushuka garini kunaruhusiwa mahali palipotengwa tu.

Ndani ya hifadhi, karibu na makao makuu, kuna ukumbi wa chakula unaohudumia wageni na watumishi. Ni chakula cha kawaida cha nyumbani kwa bei isiyoumiza. Kasoro yake ni kwamba hawapiki kwa kubahatisha wageni. Ukifika saa 7 bila kuagiza unaweza kusubiri saa nzima na zaidi huku mchana wako ukipotea, au ukaambiwa kimekwisha. Pita saa 12 asubuhi, agiza, taja idadi na saa ya kurudi.

Lakini chakula bora cha mchana ni cha kubeba, ukilie bwawani kwa viboko, ambapo unaruhusiwa kushuka. Kwa watu wanne, kwa mchana mmoja: chapati 10, mayai 8 ya kuchemsha yakiwa na maganda, nyanya 6 nzima, kitunguu kimoja, ndimu mbili, chumvi kwenye kikaratasi, na maji ya kunywa lita 6. Chapati zipoe kwenye kitambaa cha pamba kabla hujazifunga. Ukizifunga za moto kwenye foili mvuke unageuka maji na saa 6 unakuta utandu wa unga mbichi. Nyanya zikatwe hukohuko, maana zikishatiwa chumvi zinatoa maji na kulowesha kila kitu. Ukitaka wali, beba pilau au wali mkavu wa mafuta, ule kabla ya saa 4 kupita tangu uive. Wali wa nazi usibebe kabisa. Kwa joto la ndani ya gari nazi inachacha kabla ya mchana, na mtu haoni hadi ameshakula.

Nyanya nunua Doma, kijiji cha mwisho kabla ya kuingia hifadhini ukitokea Morogoro, ambako huuzwa kwa ndoo kando ya lami kwa bei ya shambani. Chapati na mayai agiza kwa mama lishe jioni ya kabla, na lipa nusu, ili saa 11 alfajiri ukute tayari. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hifadhini wanalitilia mkazo. Tumia hotipoti, vikapu na mifuko mbadala, na takataka zako zote zirudi nawe, maganda ya mayai yakiwemo. Nyani anayezoeshwa mabaki anaanza kuvamia magari, na mwisho wake huwa ni yeye kuuawa.

Kwa wanaopika kambini, mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake unatosha watu wanne kwa usiku mmoja na kubaki. Maharage yachemshwe nyumbani hadi yaive, yachujwe, yagandishwe. Kambini unaunga tu kwa dakika 15. Ukiyachemshia kule yanakula gesi kwa saa mbili na mnakula saa 4 usiku. Mchele hesabu gramu 150 kwa mtu mzima kwa mlo mmoja, unga wa sembe gramu 200. Beba dumu la lita 20 la kunawia na kuoshea, mbali na ya kunywa. Kuokota kuni hifadhini hairuhusiwi. Nyama mbichi na dagaa uviache: harufu yake kambini haifichiki kwa fisi. Na anayekuja kwa treni au basi asibebe mtungi wa gesi, hautaruhusiwa kupanda nao. Huyo ale mjini na ukumbini.

Kabla hujafunga begi, toa nguo za bluu na nyeusi. Mbung'o wa misitu ya miombo ya Mikumi wanavutwa na rangi hizo, ndiyo maana utaona mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi imetundikwa. Wanauma kupitia shati jembamba, na dawa za mbu haziwasumbui sana. Vaa kaki au rangi ya mchanga, na funga vioo mnapopita kwenye miti. Uwandani Mkata wanapungua. Juni hadi Agosti ongeza blanketi moja na sweta, kwa sababu gari la wazi saa 12 asubuhi lina baridi kuliko watu wa Pwani wanavyotegemea.

Kufika na kurudi bila gari

Kutoka Dar es Salaam treni ya umeme ya SGR hadi Morogoro, inayofanya kazi tangu Juni 2024, ni shilingi 13,000 daraja la kawaida na inatumia chini ya saa mbili na nusu. Kata tiketi mapema kwa simu, njoo na kitambulisho. Stesheni ya Morogoro iko nje kidogo ya mji, kwa hiyo panda bajaji hadi stendi ya Msamvu, halafu Coaster au basi la kuelekea Mikumi. Msamvu ndipo unapoweza kulizwa. Wapiga debe watakupeleka kwenye basi la Iringa au Mbeya na kukutoza nauli ya Iringa nzima. Uliza kondakta mwenyewe nauli ya Mikumi, na kama hakubali, subiri gari linaloishia Mikumi, Kidatu au Ifakara. Kaa upande wa kulia ukienda magharibi. Uwanda wa Mkata uko upande huo, na kati ya Doma na Mikumi, jioni au asubuhi, utaona twiga, nyati na pundamilia kabla hujalipa senti moja ya kiingilio. Kwenye lami hiyo hairuhusiwi kusimama na kushuka kupiga picha, hata ukiwa na gari lako.

Mwenye siku moja zaidi asirudi Dar moja kwa moja. Pale Mikumi mjini barabara inakata kusini kwenda Kidatu na Ifakara, na kilomita kama 60 mbele ni Mang'ula, geti la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Kiingilio cha raia ni kilekile cha 5,900, na huko hakuna gari la kukodi kwa sababu hifadhi nzima inatembelewa kwa miguu. Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170, ni safari ya nusu siku na mwongozaji. Gesti za Mang'ula ni bei ya Mikumi au chini yake, tena hazina malori.

Kurudi, mabasi yatokayo Mbeya na Songea hupita Mikumi mchana yakiwa yamejaa, na ukikubali kusimama utasimama hadi Chalinze. Afadhali Coaster ya asubuhi hadi Msamvu, na tiketi ya treni ya mchana au jioni uliyokata siku uliyofika, ukiacha angalau saa 4 kati ya kuondoka Mikumi na treni kuondoka Morogoro: saa mbili za barabara, nusu saa ya bajaji na foleni, na zilizobaki za mizani, matuta na tembo walioamua kuvuka.